Charles Huggins, Mpasuaji wa Chicago

Katika mji wa Halifax, nchi ya Kanada, alizaliwa mtoto mwaka 1901, akaitwa Charles Huggins. Alipokua alisomea uganga katika Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 1924, kisha akajifunza upasuaji Michigan. Mwaka 1927 akaitwa Chuo Kikuu cha Chicago, atibu na kufundisha. Wakuu wake wakampa magonjwa ya njia ya mkojo, kazi ambayo hakuifundishwa. Hakuikataa, akaketi kuisoma.

Chini ya kibofu cha mwanamume iko tezi ndogo, ukubwa wake kama ndimu, na mkojo hupita katikati yake. Mtu akizeeka huweza kuvimba, au kuingiwa na saratani itambaayo hata mifupani. Siku zile mgonjwa wa namna hiyo alilala kwa maumivu makali, wala waganga hawakuwa na la kumfaa sana.

Huggins alitaka kujua tezi ile huishi kwa nguvu gani. Akachagua mbwa, maana mbwa naye huvimba tezi hiyo uzeeni. Akapima maji yatokayo ndani yake siku kwa siku. Alipowahasi, maji yalikoma na tezi ikanywea. Wafugaji walijua tangu kale jinsi dume abadilikavyo akihasiwa, lakini kupima hawakupima. Basi akajiuliza: Je, saratani ya tezi hii nayo hailishwi na homoni ile ile itokayo katika korodani? Wengi walidhani saratani haitii amri yo yote ya mwili.

Mwaka 1941 yeye na wenzake waliandika habari za wagonjwa 21 walioondolewa korodani. Ni shauri zito kwa mwanamume, lakini maumivu yao yalikuwa mazito zaidi. Wengi walipata nafuu, baadhi yao kwa siku chache tu. Wakala, wakanenepa, wakaondoka kitandani. Wala Huggins hakutegemea maneno yao peke yake: alipima damu yao, akaona dalili za ugonjwa zimeshuka. Hata hivyo hawakupona kabisa, na kwa wengi ugonjwa ulirudi baadaye.

Ilipita miaka 25 ndipo alipopewa Tuzo ya Nobel, mwaka 1966, pamoja na Peyton Rous. Alifariki Chicago mwaka 1997. Hata leo waganga huizuia homoni ile ile, ila mara nyingi kwa sindano na vidonge, si kwa kisu.