Mnyoo Fundi wa Mwamba

Mimi nilidhani miamba iliyojengwa na viumbe wa baharini ni ya matumbawe tu, kama hii yetu ya pwani. Kumbe hata mnyoo ni fundi!

Katika ghuba ya Mont-Saint-Michel, Ufaransa, yuko mnyoo aitwaye Sabellaria alveolata, urefu wake sentimita 3 au 4 hivi. Hunasa chembe za mchanga zinazoletwa na maji, akazigandisha kwa gundi ya mwilini mwake na kujijengea kijumba kama mrija. Majirani nao hujenga ubavuni. Haba na haba hujaza kibaba: unatokea mwamba wenye matundu kama sega la nyuki.

Faida yake? Kwanza, kaa, konokono na viumbe wengine wengi hupata maficho humo. Pili, watoto wa mnyoo huelea baharini kwa majuma kadhaa, kisha hutua juu ya vijumba vya wazee wao. Mwamba ukivunjwa, watatua wapi?

Maji yakipwa, watu huenda kutafuta chaza na kome, wakaukanyaga. Jamani, tusiwacheke. Hata mimi nilikuwa nikikanyaga matumbawe nikisaka pweza. Siku hizi napita mchangani.