Habari za saa mbili usiku bila kulipia kifurushi

Mama mkubwa wangu wa Mlowo, Mbozi, alinipigia simu mvua zikiwa zimechanganya, akasema TV imekufa. Nilipomuuliza vizuri nikagundua kwamba kifurushi kimeisha, na hilo halimsumbui, kwa sababu yeye ni mtu wa TBC1 na ITV na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kilichomsumbua ni kwamba hata hizo za bure zilikuwa zinaganda. Msomaji anafungua kinywa, picha inakatika vipande vipande, kisha yanatokea maandishi kwamba hakuna mawimbi.

Muuza vifaa mmoja wa pale barabarani alikuwa ameshamshauri, bila kufika kwake wala kugusa waya, anunue antena kubwa yenye busta, na ikishindikana ahamie kwenye dishi alipie kila mwezi. Mama mkubwa alikuwa ameanza kutenga hela ya kahawa. Hela ya kahawa, ya mtu aliyepalilia na kuchuma kwa mikono yake! Nilimwambia, "Mama, usinunue kitu, nakuja."

Wengi hawajui kwamba king'amuzi cha antena hakipaswi kuzima kila kitu kifurushi kikiisha. Tangu tulipoacha analojia, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Mbeya mwaka 2013, masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, yanataka chaneli za kitaifa za bure ziendelee kuonekana. Dishi lina utaratibu wake. Mwaka 2018 TCRA iliagiza kampuni kubwa za ving'amuzi vya dishi ziondoe chaneli kadhaa za bure kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu, na wateja wengi wakashangaa. Kwa anayetaka habari tu, mimi nasema antena, na sibadilishi.

Sasa hatua. Ya kwanza, saka chaneli upya. Hiyo kila mtu anaijua. Ya pili, angalia antena za majirani zimeelekea wapi na kama vijiti vyake vimelala au vimesimama, uweke yako vivyo hivyo. Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike.

Toa TV nje. Ndiyo, ibebe mpaka chini ya mlingoti, na king'amuzi chake, uvute umeme kwa ekstensheni. Mvua iwe imekatika, tafadhali. Kisha unganisha antena na king'amuzi kwa kipande kifupi cha waya mpya kisicho na kiungo. Mama mkubwa aliniangalia kama nimechanganyikiwa, watoto wa jirani wakajaa uani. Nilipowasha, TBC1 ikatulia, haikwami hata kidogo, kwa antena ileile iliyosingiziwa kwamba ni ndogo!

Basi ugonjwa ulikuwa kwenye waya. Nikaufuata kwa mkono kutoka juu ya bati, na karibu na dirisha nikakuta fundi wa zamani aliunga kwa kusokota na kufunga mfuko wa nailoni. Nilipoufungua yakatoka maji. Shaba imekuwa ya kijani, na ule wavu unaozunguka waya wa kati umeoza kabisa. Waya wa namna hiyo ukishaingia maji haukauki ndani. Usiufute wala kuuanika, ukate utupe. Niliweka waya mmoja mzima kutoka antena hadi king'amuzi, nikazungushia mpira wa ndani wa baiskeli kwenye kichwa cha juu, na kabla waya haujaingia dirishani nikauachia ushuke kidogo kama tumbo, ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Kugeuza antena nako kuna namna yake. Enzi za chenga za analojia, mmoja alikuwa juu ya bati, mwingine anapiga kelele "hapo hapo!" Digitali haina chenga za kukuonya, na king'amuzi huchelewa kujibu. Geuza kidogo, acha, hesabu mpaka tano, ndipo uangalie. Na uangalie mstari wa ubora, usihangaike na wa nguvu. Nguvu inaweza kujaa na picha isiwepo.

Ndiyo maana busta ya nyuma ya TV siipendi. Inakuza kila kilichofika, pamoja na uchafu uliookotwa njiani. Kama kweli mko mbali na mnara, busta ikae juu karibu na antena, na kabla ya hapo ongeza urefu wa mlingoti uipite mikaratusi. Majani yaliyolowa hula mawimbi, na kwa mvua za Mbozi hilo si dogo.

Wanaoniuliza kuhusu Simba na Yanga: Ligi Kuu ya NBC haki zake ni za Azam, hiyo ni ya kulipia. Mwenye mechi chache kwa mwezi aende kibanda umiza, atatumia hela kidogo na atapata watu wa kubishana nao.