Saa Huandikwa kwa wa Pili: Kuandaa Timu ya Mbio Ndefu za Baiskeli Ukiwa Unguja

Katika mbio za Cape Epic, kule Western Cape, Afrika Kusini, hakuna anayeingia peke yake. Timu ni watu wawili na mashindano ni ya siku nane. Masafa yanakaribia kilomita 700 za vumbi, mawe na milima, na muda wa timu huandikwa pale mtu wa pili anapovuka mstari. Njiani wenzi hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Wakikutwa wameachana zaidi ya hapo huongezewa adhabu ya saa nzima, na wakirudiarudia huweza kutolewa mashindanoni. Mbio hizo zilianzishwa mwaka 2004 na Kevin Vermaak, na sharti la wawili limekuwepo tangu siku ya kwanza.

Mtu wa Unguja mwenye ndoto ya mbio za aina hii kwa kawaida huanza kwa kutafuta baiskeli. Ushauri wangu ni aanze kwa kutafuta mtu.

Kwanza, hata hivyo, ajue anaingia wapi. Si lazima safari ya mwanzo iwe Afrika Kusini, ambako ada peke yake ni mamilioni ya shilingi kabla hujalipia ndege. Karibu na kwetu kuna 10to4, mbio za siku tatu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, zinazoandaliwa na taasisi ya Mount Kenya Trust ili kuchangia uhifadhi wa mlima huo. Jina lake linatokana na kushuka kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000, yaani kutoka kama mita 3,000 hadi mita 1,200. Kwenye nyika za Maasai Mara kuna Migration Gravel Race, iliyoanza mwaka 2021: siku nne, takriban kilomita 650. Humo mtu huhesabiwa peke yake, lakini asiyejua kukaa na kundi upepo wa nyikani humfundisha.

Aina nyingine ni ya kupokezana. Mwaka 1992, huko Canaan, West Virginia, Marekani, Laird Knight aliandaa mbio za saa 24 ambamo wenzi wa timu moja hupokezana kwenye mzunguko uleule. Mmoja yuko njiani, wengine wanakula, wanalala au wanatengeneza gia, na mwisho huhesabiwa mizunguko. Hii ndiyo ningependa kuiona hapa nyumbani, kwa sababu haihitaji milima wala pasipoti. Mzunguko wa kilomita saba au nane kwenye njia za mashamba ya viungo baina ya Kidichi na Kizimbani unatosha, na badala ya saa 24 waanze na sita, toka baada ya Alfajiri mpaka kabla ya Adhuhuri. Mwenye kutaka kuandaa azungumze mapema na masheha wa shehia zote ambazo njia inapita, polisi wa usalama barabarani na Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar. Njia ikigusa msitu wa hifadhi wa Masingini, aende pia kwa watu wa misitu, maana pale ni chanzo cha maji ya mji. Wenye mashamba nao wasisahauliwe. Sheha anaweza kukubali na mwenye mikarafuu akafunga njia siku hiyohiyo, na atakuwa na haki yake.

Sasa mtu. Mwenzi mzuri si lazima awe rafiki yako wa barazani. Tafuta aliye karibu nawe kwa mwendo, mwenye nafasi siku zilezile unazopata wewe, na zaidi ya yote mwenye lengo moja nawe. Mmoja akitaka kumaliza salama na mwenziwe akitaka kuwashinda watu, ugomvi utaanza siku ya pili. Mjaribuni kabla ya kulipa ada yoyote: tokeni Mji Mkongwe mpaka Chwaka na kurudi, zaidi kidogo ya kilomita 60, katika siku ya jua kali. Usimpime kwa kasi. Mwangalie akipata pancha, na mwangalie zaidi wewe ukiipata.

Kuna jambo moja linalotuangusha sisi zaidi ya wengine, nalo ni adabu. Uko njiani baina ya Dunga na Chwaka, saa tano asubuhi, lami inatoa mvuke. Wa mbele anageuza shingo: "Vipi, mwenzangu?" "Salama tu." Baada ya kilomita tatu huyo wa salama amekaa chini ya mwembe, mapaja yamekaza, midomo imekauka na chupa yake bado ina maji nusu. Hakudanganya. Amelelewa kujibu hivyo, kama sote; hata mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Mnazi Mmoja atakwambia alhamdulillahi kwanza, ndipo akuonyeshe panapouma. Wodini hilo ni jambo jema. Juu ya baiskeli linamaliza timu.

Kwa hivyo msiulizane hali, ulizaneni namba. Moja ni kukaa kitako, kumi ni kuanguka. Namba nne mtu anazungumza sentensi nzima bila kuhema. Saba anajibu neno mojamoja. Kila robo saa wa mbele anauliza, wa nyuma anataja namba, na hakuna mjadala. Namba ya mnyonge ndiyo inayoamua mwendo. Akitaja nane, wa mbele anapunguza hapohapo bila kuguna na bila kugeuka na uso wa kuudhika, kwa sababu akiguna mara moja, mara ya pili ataambiwa saba.

Mwenye nguvu zaidi naye ana kazi yake. Yeye ndiye anayekata upepo mbele, anayebeba vifaa vizito, anayeshuka kujaza chupa zote mbili kwenye kituo cha maji. Mnyonge asione haya kukaa nyuma ya gurudumu lake, kiasi cha nusu mita, kwani ndipo nguvu za timu zinapohifadhiwa. Kuhusu kusukumana mgongoni au kuvutana kwa kamba, kila mbio zina kanuni zake. Zisomeni kabla ya kuondoka nyumbani.

Unguja haina mlima. Kilele chake, upande wa Masingini, hakifiki mita 150 juu ya bahari, ilhali Cape Epic hupandisha zaidi ya mita 15,000 kwa jumla ya siku zake. Tusijidanganye kwamba pengo hilo linazibika. Linapunguzwa, na tunavyo vitu vitatu vya kulipunguzia: upepo, mchanga na mawe.

Upepo wa kusi, toka Mei mpaka Septemba, ndio mlima wetu. Shikeni njia ya Makunduchi asubuhi, muuchukue usoni kwa gia nzito, mrudi mjini ukiwasukuma. Vilima vya Kidichi na Masingini vifupi, lakini ukivipanda mara kumi mfululizo ukiwa umekaa kitini, bila kusimama juu ya pedali, miguu itajua. Masika, Machi mpaka Mei, udongo mwekundu wa mashambani hugeuka utelezi. Huo ni msimu wa kujifunza breki, kuzigusa kidogokidogo na mapema, gurudumu la mbele lisifungwe.

Mchanga uko mashariki. Baina ya Jambiani, Paje na Bwejuu, maji yakitoka, ufuo unakuwa mgumu na mpana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo kalenda ya Kiislamu ukutani inatosha kupangia mazoezi. Pandeni sehemu ngumu kwanza, kisha ingieni kwenye mchanga laini kwa makusudi: gia nyepesi, uzito nyuma, mikono imelegea, usikate kona. Kaeni mbali na mashamba ya mwani. Vile vijiti na kamba ni riziki ya akina mama waliokuwa majini tangu maji yalipoanza kutoka, na kamba moja ikikatwa na gurudumu mavuno yanachukuliwa na maji. Angalieni pia kamba za ngalawa, ambazo macho huziona kwa kuchelewa. Mkirudi, osheni baiskeli kwa maji baridi siku hiyohiyo, zikauke, cheni itiwe mafuta. Chumvi hailali.

Mawe ni ya uwandani, kusini na mashariki, ambako udongo ni haba na matumbawe ya kale yamejitokeza kama meno. Hapo tairi halichomwi, huchanwa ubavuni. Tyubu mpya ikitiwa ndani ya tairi lililochanika hutoka nje kama puto na kupasuka. Dawa yake ni kipande cha tairi kuukuu chenye ukubwa wa kiganja, kinachowekwa ndani mbele ya ule mchaniko kabla ya kutia tyubu. Fundi yeyote Mwanakwerekwe atakukatia. Kibebe daima, pamoja na tyubu mbili, sulesheni na viraka, pampu, vyuma vya kutolea tairi, kifaa cha kung'olea pini ya cheni na kiungo kimoja cha akiba. Wenzi wawe na ukubwa mmoja wa magurudumu, ili tyubu ya huyu imfae yule. Kwa upepo wa tairi, mtu wa kilo 70 mwenye tyubu ndani aanze na paundi 30 na kushuka kidogokidogo mpaka mchanga umkubali bila ringi kugonga mawe.

Baiskeli yenyewe? Ya mtumba yenye fremu isiyo na ufa, breki za diski zinazoshika na gia zisizoruka inatosha kwa mwaka wa kwanza. Ipelekwe kwa fundi wiki mbili kabla ya mbio, si usiku wa kuamkia safari, na baada ya hapo isibadilishwe kitu, hasa kiti. Kiti kipya siku ya mbio ni adhabu ya kujitakia.

Chakula tunacho tele. Anayefanya kazi ngumu kwa zaidi ya saa mbili anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja hutoa kama gramu 25, na tende chache hujazia iliyobaki. Kiazi kitamu cha kuchemsha kilichotiwa chumvi huliwa vizuri siku za safari ndefu, utamu unapoanza kukinaisha. Asubuhi, uji au mkate wa kumimina, saa mbili kabla. Urojo ngoja jioni. Maji matupu peke yake kwa siku nzima ni hatari kama kiu, kwani huzimua chumvi mwilini. Kichwa kikiuma na tumbo kujaa huku unaendelea kunywa, punguza maji, ongeza chumvi. Kinywaji cha nyumbani ni kile cha kutibu kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Anayeacha kutoka jasho katika joto, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, amekwisha kufika pabaya: mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, tafuta gari la hospitali. Mbio za siku hiyo zimekwisha kwenu wote wawili. Ramadhani fanyeni mazoezi mafupi baada ya kufuturu, au muache tu.

Mavazi hayana siri. Helmeti iliyofungwa chini ya kidevu, glavu, miwani ya vumbi. Mwanamke anayevaa stara achague ushungi mwepesi unaobana chini ya helmeti, na suruali pana ifungwe kifundoni upande wa cheni. Mbio nyingi za wawili zina kundi la wanawake na kundi la mchanganyiko, kwa hiyo mume na mke au kaka na dada wanaweza kuwa timu.

Hatari kubwa zaidi haiko mbioni, iko mazoezini barabarani. Burry Stander wa Afrika Kusini, aliyeshinda Cape Epic mwaka 2011 na 2012 pamoja na Mswisi Christoph Sauser, aligongwa na basi dogo la abiria akiwa mazoezini Januari 2013, akafa akiwa na miaka 25. Daladala zetu husimama ghafla popote abiria anapogonga bati. Tokeni mjini kabla ya saa moja, kaeni kushoto mmoja nyuma ya mwenziwe, taa nyekundu iwake nyuma hata mchana, na msipite daladala iliyosimama kwa upande wa mlango.

Kwa wanaokwenda Mlima Kenya, mita 3,000 ni kitu mwili wa pwani haujawahi kuonja. Fikeni siku mbili tatu kabla, mlale chini kwanza kama ratiba inaruhusu, na mwendo wenu wa njiani ushuke: mtakachokiita tano hapa, kule ni saba. Maumivu ya kichwa pamoja na kutapika ni ishara ya kushuka, wala si ya kumeza dawa na kuendelea. Hati ya kusafiria shughulikieni mwezi mmoja kabla, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano muwe nayo mkononi, kwa kuwa mkirudi kutoka Kenya mtaulizwa.

Bandarini Malindi ulizeni mapema ada ya mzigo wa baiskeli, na mfike kabla ya msongamano wa abiria. Mkishavuka bahari, kwenye buti la basi la Arusha baiskeli iliyofungwa vizuri huchukua nafasi ndogo: gurudumu la mbele litoke, usukani ugeuzwe sambamba na fremu, kipande cha mbao kitiwe kati ya pedi za breki ya diski zisibane, gia ya nyuma isifunguliwe ila ifunikwe kwa gunia. Pedali zitoke zote mbili. Ya kulia hufunguka kama skrubu nyingine yoyote. Ya kushoto huzungushwa kinyume, kufuata mwendo wa saa, na wengi wameikata wakidhani imeshika kutu.