Mwajiri Wako wa Zamani Anaruhusiwa Kusema Nini Kukuhusu?

Anayeomba kazi nchini Kenya aghalabu hutakiwa kutaja watu wawili au watatu wanaoweza kumweleza, na mmoja wao huwa ni mwajiri aliyemwacha. Mwajiri mpya hupiga simu, mazungumzo ya dakika chache hufanyika bila mwombaji kuwapo, kisha nafasi aliyokwisha kuahidiwa huyeyuka bila maelezo. Waliofikwa na hali hiyo huwa na moja kati ya imani mbili: kwamba sheria inamkataza mwajiri wa zamani kusema jambo lolote baya, au kwamba mwajiri huyo ana uhuru wa kusema lolote apendalo. Imani zote mbili si sahihi, na kila moja huwafanya watu wadai wasichostahili na kuacha kile walicho na haki nacho.

Tuanze na kile usichopaswa kuombea fadhila. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Asiyestahili cheti hicho ni yule tu aliyefanya kazi kwa muda usiofikia wiki 4 mfululizo. Haijalishi kama uliacha kazi mwenyewe, mkataba wako ulikwisha au ulifukuzwa. Yaya, mlinzi na kibarua wa shambani wanakistahili sawasawa na meneja wa benki. Cheti hutaja jina la mwajiri na anwani yake ya posta, jina lako, tarehe uliyoanza kazi, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia kwa kawaida, na tarehe uliyomaliza. Katika mambo hayo yaliyotajwa na kifungu, sababu ya kuondoka kwako haimo, wala tabia yako haimo.

Waajiri wengi hukizuia cheti hadi mfanyakazi arudishe sare, alipe deni la chama au atiwe sahihi na kila idara. Kifungu cha 51 hakina sharti la namna hiyo. Deni lina njia zake za kudaiwa, na cheti si rehani. Mwajiri anayekataa kukitoa kwa makusudi au kwa kupuuza, au anayeandika ndani yake jambo analojua kuwa si kweli, ametenda kosa la jinai. Akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili.

Ugumu wa Wakenya kuhusu karatasi za kazi una historia. Chini ya mfumo wa kipande, ulioanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba karatasi ya usajili katika kijisanduku cha chuma. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi, huyo hakuweza kuajiriwa kwingine. Harry Thuku na wenzake waliupinga mfumo huo hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sheria ya leo imeugeuza uhusiano huo: sahihi ni deni ambalo mwajiri anamdaiwa mfanyakazi.

Barua ya mapendekezo ni jambo jingine kabisa. Kifungu hicho hicho cha 51 kinasema kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua wala maelezo kuhusu tabia au utendaji wa mfanyakazi. Anaweza kukataa, na anaweza kuwa na desturi ya kuthibitisha tarehe na cheo tu. Kampuni nyingi kubwa hufanya hivyo kwa tahadhari, maana sifa za uongo nazo zina hatari yake: mwajiri mpya aliyepotoshwa akapata hasara anaweza kumgeukia aliyemsifia mtu asivyostahili. Kwa hiyo, ukisikia kwamba ofisi yako ya zamani imekataa kusema zaidi ya tarehe, usifanye haraka kuamini kwamba umefanyiwa hila.

Mwajiri akiamua kusema, anaruhusiwa kusema mabaya. Akieleza kwamba ulichelewa kazini mara kwa mara, kwamba ulipewa maonyo mawili ya maandishi, au kwamba ulifukuzwa baada ya kusikilizwa na kupatikana na kosa, na yote hayo ni kweli, sheria ya kashfa haitakusaidia. Ukweli ni utetezi kamili. Zaidi ya hapo, mahakama huyapa maelezo ya aina hii kinga yenye masharti, kwa kuwa anayeuliza ana haja halali ya kujua na anayejibu ana sababu halali ya kujibu. Kwa kinga hiyo, hata maelezo yaliyokuwa na kosa hayampi msemaji hatia ya kashfa iwapo aliamini kwa dhati alichosema. Kinga huondoka iwapo alijua kuwa anasema uongo, hakujali kama ni kweli au si kweli, au alitumia nafasi hiyo kulipiza kisasi. Huondoka vilevile akiyapeleka maneno kwa watu wasiohusika. Kumjibu mwajiri anayeuliza ni tofauti na kutangaza habari zako katika kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa mtaa.

Matatizo mengi huzaliwa kati ya ukweli na uongo. Tuchukue mfano wa mhudumu wa kaunta dukani. Fedha zimepungua, amesimamishwa kazi ili uchunguzi ufanyike, naye amejiuzulu kabla uchunguzi haujakamilika. Mwajiri akisema, “Aliiba,” anadai jambo ambalo halikuthibitishwa. Akisema, “Aliondoka wakati wa uchunguzi wa upotevu wa fedha,” kila neno ni kweli, lakini msikilizaji atabaki na picha ya mwizi. Maelezo ya haki yangeongeza kwamba uchunguzi haukukamilika na hakuna uamuzi uliotolewa dhidi yake. Si lazima mwajiri aeleze kila kitu anachokijua. Ila anapochagua sehemu ya ukweli, sehemu hiyo isijenge hitimisho ambalo ukweli mzima ungelikanusha.

Wajibu wa uangalifu katika jambo hili ulielezwa vizuri mwaka 1994 nchini Uingereza katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance. Mwuzaji wa bima alikosa kazi mpya kwa sababu ya maelezo mabaya mno yaliyotolewa kumhusu. Walioyatoa hawakuwa na nia mbaya, ila hawakuchunguza vya kutosha. Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, liliamua kwamba anayetoa maelezo ya kazi ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa yule anayeelezwa, na anaweza kulipa fidia kwa uzembe hata pale kashfa isipothibitishwa. Uamuzi huo haizifungi mahakama za Kenya, lakini unaweza kutajwa mbele yao kama mwongozo wenye uzito.

Yapo pia mambo ambayo, yawe kweli au la, si ya kupitishwa kwa simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziita taarifa za afya, kabila, imani, hali ya ndoa na familia kuwa taarifa nyeti. Mwajiri wa zamani anayesimulia ugonjwa wako au habari za watoto wako bila msingi wa kisheria anakiuka sheria hiyo, na hali ya mtu kuhusu virusi vya ukimwi inalindwa na sheria yake mahususi. Sheria ya Ajira nayo inakataza ubaguzi kwa misingi kama ujauzito, ulemavu na dini, na ubaguzi huo ukitendwa na mwajiri mpya unapotafuta kazi unaweza kumshtaki.

Shida kubwa ya mlalamishi ni ushahidi, kwa sababu simu haiachi karatasi. Ukinyimwa kazi ghafla, mwandikie mwajiri mpya kwa adabu ukiomba kujua kilichosemwa. Sheria ya Ulinzi wa Data inakupa haki ya kuomba kuona taarifa zako zilizohifadhiwa, na haki ya kutaka zile za uongo au za kupotosha zirekebishwe au zifutwe. Barua pepe, fomu ya maelezo na maandishi ya mahojiano yamo katika taarifa hizo. Ukikataliwa, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo inatakiwa kuchunguza na kukamilisha lalamiko ndani ya siku 90.

Wakati mzuri zaidi wa kujikinga ni kabla ya kuondoka. Ikiwa mnaachana kwa makubaliano, omba maneno ya maelezo yatakayotolewa yaandikwe ndani ya mkataba wa kuachana, pamoja na cheo cha mtu mmoja atakayejibu maswali. Mwajiri anayetaka kumaliza mgogoro kwa amani mara nyingi hukubali, kwa kuwa hilo halimgharimu fedha.

Cheti cha utumishi kikizuiliwa, peleka malalamiko kwa afisa wa leba wa kaunti yako, na shauri likiendelea litasikizwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Madai yanayotokana na mkataba wa ajira huwa na kikomo cha miaka 3. Kwa kashfa muda ni mfupi zaidi: miezi 12 tangu maneno yaliposemwa au kuandikwa, kwa hiyo mtafute wakili mapema. Kituo cha polisi si mahali pa kupeleka kashfa ya aina hii. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba, na tangu hapo dai hilo ni la madai ya kiraia.