Dondoo muhimu: Saa za Lushoto kwenye programu ya wageni

Tanzania haibadilishi saa. Lushoto ni UTC+3 mwaka mzima. Ujerumani hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, hivyo tunawatangulia kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Usiiandike tofauti hiyo kama namba ya kudumu kwenye programu ya kupangia matembezi ya Irente au Magamba. Hifadhi saa ya Lushoto pamoja na jina la ukanda, Africa/Dar_es_Salaam. Europe/Berlin itumike tu kumwonyesha saa mgeni aliye Ujerumani. Sasisha data za kanda, kwani sheria hubadilika: Misri ilirudisha saa za kiangazi mwaka 2023. Tena, mgeni akisoma 08:00 ya Lushoto, mwongoza watalii asome saa 2:00 asubuhi.