Faili lako la hospitali: lina ukweli kiasi gani?

Je, umewahi kujiuliza faili lako linakwenda wapi ukishatoka kwa daktari? Wengi wetu tunadhani linafungwa kabatini basi. Kumbe lina kazi nyingine. Mafaili ya wagonjwa wengi yakikusanywa na kulinganishwa kwa kompyuta, watafiti wanaweza kujua dawa ipi inasaidia, ipi imeshindwa, na kwa nini watu wengine wanakufa wakati wangeweza kupona. Wanachogundua kinarudi wodini kama tiba iliyo bora zaidi.

Lakini kazi hii si rahisi. Hebu tuangalie vikwazo vitatu.

1. Kilichoandikwa si lazima kiwe kweli

Tuchukue mfano wa malaria. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walilazwa na kutibiwa malaria kali. Watafiti walipochunguza damu zao, waliokutwa na vijidudu vya malaria ni 2,062 tu, yaani asilimia 46.

Na wale 2,412 waliobaki? Walikuwa wanaumwa kweli, tena sana. Kati yao walifariki 292. Miongoni mwa wale waliokutwa na vijidudu walifariki 142. Unaona hatari yake? Neno "malaria" likishaandikwa, ugonjwa mwingine unaweza kujificha nyuma yake.

Sasa fikiria mtafiti anayetaka kujua kama dawa ya malaria inafanya kazi, naye anatumia mafaili ya namna hiyo bila majibu ya vipimo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wake hawana vijidudu! Dawa nzuri itaonekana mbovu. Hata kompyuta iwe kubwa namna gani, haiwezi kujua kwamba ilidanganywa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa.

2. Jambo moja, maandishi mengi

Daktari mmoja anaandika "malaria", mwingine "homa", wa tatu anaandika herufi mbili kwa mwandiko anaoujua mwenyewe. Mtu anaweza kubahatisha, lakini kompyuta inaona vitu vitatu tofauti. Ndiyo sababu WHO ina orodha ya namba za magonjwa. Katika toleo lake la 10, malaria ya falsiparamu ni B50, na malaria iliyotambuliwa kwa dalili tu bila kuthibitishwa na kipimo ni B54. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, ila kwa mtafiti ni kubwa mno.

Majina nayo yanasumbua. Leo umeandikishwa Asha Juma, mwezi ujao Aisha J., umri nao umebadilika. Kwa kompyuta hao ni wagonjwa wawili, na historia yako imekatika vipande.

Hata hivyo watu wanajitahidi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Uzoefu wa huko ulisaidia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu ya bure inayotumika sasa katika nchi nyingi.

3. Siri yako

Utasema, "Si wafute tu majina?" Haitoshi. Mwaka 1997 huko Marekani, mwanafunzi wa chuo kikuu Latanya Sweeney alichukua taarifa za wagonjwa zilizofutwa majina. Akanunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Kwa kulinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akaitambua rekodi ya matibabu ya gavana wa jimbo la Massachusetts!

Siku hizi Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya mwaka 2022. Bila siri hakuna atakayesema kweli, na bila kweli utafiti hauna maana.

Wewe ufanye nini?

- Nenda na kadi yako kila mara. Taja jina na tarehe ya kuzaliwa vilevile siku zote.
- Mweleze daktari yote, hata dawa ulizonunua dukani au miti shamba uliyokunywa.
- Ukiambiwa una malaria, uliza, "Nimepimwa?" Kuuliza si utovu wa adabu.
- Ukiombwa kushiriki utafiti, uliza nani ataona taarifa zako. Kama hujafikisha miaka 18, mshirikishe mzazi au mlezi. Una haki ya kukataa na bado ukatibiwa.

Jadilini darasani

1. Kwa nini kufuta majina peke yake hakulindi siri ya mgonjwa?
2. Kijana akimficha daktari jambo kwa aibu, nani anaumia zaidi ya yeye mwenyewe?