Vita vya Kagera na swali la ndugu dhalimu

Hivi karibuni nilikuwa na wanafunzi wangu wa Maarifa ya Uislamu tukitoka Bukoba kwenda Muleba. Tulipofika Kaboya, walikozikwa askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera, kijana mmoja akaniuliza: "Ustadhi, si kweli kwamba Idi Amin alipigwa kwa sababu ya Uislamu wake?" Wenzake wakanyamaza. Swali lile halikuanzia kwake. Nimelisikia vibarazani tangu nikiwa madrasa.

Ndugu msomaji, Allah (SWT) anatuamrisha katika Surat Hujurat (49:6) kuichunguza habari inayoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Basi na tuchunguze.

Oktoba 1978 redio ya Uganda ilitangaza kuwa Tanzania imeivamia Uganda. Ulikuwa uongo. Kilichokuwepo ni uasi ndani ya jeshi la Amin, ambaye alikuwa amekwishakosana na makamu wake, Mustafa Adrisi, naye Muislamu. Mwishoni mwa mwezi huo majeshi yake yakavuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Walioporwa ng'ombe, waliouawa na waliokimbia makwao huko Minziro na vijiji jirani walikuwa Waislamu na Wakristo. Risasi haikuuliza nani kaswali Alfajiri.

Na upande wetu je? Makamu wa Rais alikuwa Aboud Jumbe, Waziri wa Ulinzi Rashidi Kawawa, Mkuu wa Majeshi Jenerali Abdallah Twalipo. Hao ndio walioupiga vita Uislamu?

Mtume (SAW) alitufundisha kumsaidia ndugu yetu, awe dhalimu au aliyedhulumiwa. Alipoulizwa dhalimu anasaidiwaje, akajibu kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Libya ilishika nusu ya mafundisho haya ikaiacha nusu. Ilimletea Amin askari badala ya kumshika mkono, na wengi wa vijana wale walifia Lukaya, mbali na mama zao.

Lakini Qur'an (4:135) inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Jeshi letu lilipoiteka Mutukula Januari 1979, mji ule ulibomolewa na raia wakauawa. Masaka nayo ikavunjwavunjwa. Masimulizi ya ushujaa tuliyokua nayo huparuka hapo haraka sana.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Miezi michache tu baadaye, Waislamu wa Bushenyi, Ankole, waliuawa na majirani zao, watu waliokuwa wakikutana nao sokoni. Kosa lao? Kufanana jina na Amin. Wauaji wale waliamini kwamba Amin na Uislamu ni kitu kimoja. Na sisi tunaokaa vibarazani kudai kwamba Amin alipigwa kwa Uislamu wake tunaamini nini, kama si hilo hilo? Wao walilisema kwa chuki, sisi tunalisema kwa fahari.

Nilimweleza kijana yote haya hadi tukaingia Muleba. Akaniuliza mbona hajawahi kusikia habari ya Mutukula. Nikamwambia kweli: hata mimi niliisikia mara ya kwanza nikiwa chuo kikuu.